Nati Iliyoganda Kwenye Sasipensheni: Jua Kinachoishika Kabla ya Kuongeza Nguvu

Nati ya sasipensheni inapogoma, hatua inayofuata kwa wengi ni kuchomeka bomba refu kwenye mpini na kuliegemea kwa uzito wote. Hesabu yake ni hii: uzito wa kilo 50 mwishoni mwa mpini wa mita 1 hutoa torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya karibu Nm (nyutoni-mita) 490. Bolti ya M12 (yenye kipenyo cha milimita 12) ya daraja la 10.9, kiwango cha uimara wa chuma chake, ambayo ni ngumu na imejaa chini ya magari mengi, hukazwa kwa takribani Nm 110 hadi 130, na ikisokotwa peke yake hukatika kabla ya kufika nusu ya hizo 490. Bolti ya M10 ya daraja la 8.8 hukazwa kwa Nm 45 hadi 50 tu. Kwa hiyo bomba refu hushinda bolti kabla ya kushinda kutu.

Jambo la kwanza ni kutambua kinachoshika, kwa sababu nati iliyoganda si tatizo moja. Spana isiyosogea, au nati inayozunguka bila kutoka, inaweza kusababishwa na kutu ndani ya thredi (mistari ya skrubu), kutu kati ya uso wa nati na chuma inachokikalia, shina la bolijointi (kiungo chenye tufe la chuma ndani ya kikombe) linalozunguka pamoja na nati, bolti iliyoshikana na bomba la ndani la bushi (pete ya mpira ya kiungo), au nati iliyochomelewa ndani ya fremu ikang'oka. Wakati mwingine ni nati ya kujifunga yenye pete ya nailoni, ambayo haijaganda kabisa bali imetengenezwa iwe nzito hadi thredi ya mwisho. Kila hali ina dawa yake, na dawa ya moja huharibu nyingine.

Kutu hufanya nini ndani ya thredi

Bolti hubana kwa sababu imevutwa. Nati ikikazwa, bolti hurefuka kidogo sana, na nguvu yake ya kutaka kurudi ndiyo inayoshikilia vipande pamoja. Hata kwenye nati safi, sehemu kubwa ya torki haiendi kwenye kuvuta huko. Takribani nusu humezwa na msuguano chini ya uso wa nati, asilimia 40 hivi na msuguano wa ndani ya thredi, na kama asilimia 10 tu ndiyo inayorefusha bolti.

Kutu huvuruga mgawanyo huo. Oksidi ya chuma huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili au zaidi, na mwanya kati ya thredi za nati na za bolti ni mdogo sana. Kutu ikiota humo hujaza mwanya, kisha huendelea kujisukuma hadi nyuso mbili zinabanana kwa nguvu ambayo hakuna spana iliyowahi kuiweka.

Msuguano wa chini ya nati hupokelewa na kipande ambacho nati imekikalia, yaani mkono wa sasipensheni au bano lake. Bolti yenyewe haiusikii. Msuguano wa ndani ya thredi ndio unaoisokota bolti. Nati iliyoganda kwenye thredi kwa hiyo hupeleka karibu torki yote kwenye mwili wa bolti, na ndiyo maana bolti hukatika kwa nguvu ambayo bolti safi ingeivumilia bila shida.

Mkono hulitambua hilo mapema ukiusikiliza. Nati inayokubali huanza kwa ugumu mkavu, kisha hutoa mlio mkali na kusogea mara moja. Bolti inayosokotwa huhisi laini: mpini unasogea polepole, hakuna mlio, na ukiuachia unarudi nyuma kidogo. Ukihisi hivyo, acha. Ili kuondoa ubishi, chora mstari wa chaki au rangi unaopita kwenye nati na kuendelea hadi ncha ya bolti. Mstari ukivunjika mahali nati inapokutana na thredi, nati inatoka. Ukibaki mzima huku kila kitu kikizunguka, bolti au shina linafuatana na nati, na kuongeza nguvu hakutasaidia.

Kabla ya kugusa nati

Gari likae juu ya stendi imara, kamwe si juu ya jeki peke yake. Kuvuta mpini mrefu hutikisa gari kwa upande, na jeki haikuundwa kuhimili mvuto huo. Vaa miwani ya kinga. Kutu inayoanguka kutoka juu huingia machoni kabla hujafumba.

Kisha ondoa mzigo kwenye kiungo chenyewe. Gurudumu likining'inia, shokapu huwa imevutika hadi mwisho wake na kuibana bolti ya chini kwa upande. Weka jeki ya pili chini ya mkono wa sasipensheni na uinue taratibu hadi bolti ipumue. Kwa linki za stabilaiza (vijiti vinavyounga sasipensheni na fito inayozuia gari kulala upande), inua pande zote mbili za gari kwa kimo sawa. Ukiinua upande mmoja, fito ya stabilaiza hujisokota na kuvuta linki, na nati ambayo ingetoka kwa urahisi hukataa hadi mwisho.

Angalia kama nati ina mataji (mikato juu yake) yenye pini ya kota inayopita kwenye shina. Pini iliyozama kwenye tope na kutu haionekani, na watu wamevunja mashina kwa kuisahau. Thibitisha pia upande wa kufungulia: karibu nati zote za sasipensheni hufunguka kinyume na mshale wa saa ukiitazama nati uso kwa uso, lakini nati za kufungia tairodi (fito za usukani) kwenye baadhi ya magari huwa na thredi ya kushoto upande mmoja. Kiungo kilicho juu chini kinaweza kukuchanganya ukiwa umelala chini ya gari, kwa hiyo fikiria kutoka upande wa nati kila wakati.

Sasa safisha. Watu wengi hupita hatua hii haraka, nayo ina faida mbili. Kwanza, nati iliyosuguliwa kwa brashi ya waya huipa soketi nafasi ya kukaa hadi chini, na soketi iliyokaa nusu ndiyo inayokula pembe. Pili, thredi zilizochomoza nje ya nati lazima zipitiwe na nati ikitoka. Zikiwa zimejaa kutu na mchanga, nati itaachia vizuri, itasafiri mizunguko miwili, kisha itaganda upya katikati ya safari, mahali pabaya kuliko pa mwanzo. Sugua thredi hizo hadi mistari yake ionekane wazi, halafu ndipo upake mafuta.

Mafuta na muda wake

Mafuta ya kupenya kutu hufanya kazi kwa kuwa mepesi: hujivuta yenyewe kwenye mianya ambayo oili ya injini haiwezi kuingia. Hayapiti chini ya uso wa nati uliobanwa. Hupita kwenye thredi, kutoka ncha iliyo wazi. Yapulizie hapo, na ikiwezekana elekeza ili yashuke kwa uzito wake. Dakika kumi ni chache mno. Pulizia jioni, rudia mara mbili au tatu, na ufungue asubuhi. Kama kazi imepangwa, anza siku mbili kabla. Dizeli na mafuta ya taa hufanya kazi hiyo pia, polepole zaidi.

Kati ya mapulizio, gonga. Nyundo ya gramu 500 kwenye kichwa cha bolti na kwenye mbavu za nati, mapigo mafupi na makavu, hutia nyufa kwenye kutu na kufungua njia ya mafuta. Usiigonge ncha yenye thredi moja kwa moja. Ikitanuka kidogo tu, nati haitapita.

Kuzungusha

Tumia soketi ya pembe sita. Ile ya pembe kumi na mbili hugusa nati karibu na kona zake, na kona zilizolika kwa kutu huteleza. Kama hakuna nafasi ya soketi, spana ya duara ni bora kuliko ya mdomo wazi, ambayo hushika pande mbili tu na kujitanua chini ya mzigo.

Jaribu kwanza kukaza. Sogezo dogo kuelekea kukaza, hata la digrii tano, huvunja kutu bila kuburuta uchafu wa thredi za nje kuingia ndani. Baada ya hapo fungua robo mzunguko, rudisha nusu ya hiyo, ongeza mafuta, fungua tena. Kurudi huko kunasaga unga wa kutu na kuusambaza. Ukivuta upande mmoja tu, unga hujikusanya mbele ya nati na kuikaba. Ukihisi ugumu unaongezeka kadiri unavyofungua, rudi nyuma mara moja. Thredi zinaanza kuchubuana, na chuma kikishachubuana na kushikamana hakuna mafuta yatakayokiachanisha.

Impakti, mashine ya kufungulia kwa mapigo, ya upepo au ya betri, ina faida ambayo mpini mrefu hauna. Mapigo yake ni mafupi, hivyo hutikisa na kuvunja kutu kabla bolti haijapata muda wa kujisokota sana. Anza na nguvu ndogo, pande zote mbili, sekunde chache kwa wakati. Kuishikilia dakika nzima kwenye nati ya nailoni huchemsha thredi na kuzichubua. Soketi ziwe za impakti, zile nyeusi na nene. Soketi nyembamba inayong'aa inaweza kupasuka na kurusha vipande.

Moto

Hakuna kinachoshinda joto kwenye kutu iliyokomaa, na hakuna kinacholeta hasara haraka kama joto lililowekwa pasipo pake.

Chuma hutanuka kwa takribani sehemu 12 kwa milioni za urefu wake kwa kila digrii moja ya Selsiasi. Nati ya M12 ikipata joto la ziada la digrii 300, tundu lake hupanuka kwa karibu milimita 0.04. Ni kidogo, lakini kutu iliyoganda haiwezi kunyumbuka hata kiasi hicho, basi hupasuka. Ili itokee hivyo, nati ipate joto kabla ya bolti. Joto liwe kali, lielekezwe kwenye nati yenyewe, na liwe la haraka. Tochi ndogo inayopasha kwa dakika tano huchemsha nati na bolti pamoja, zikatanuka pamoja, na mwanya ukabaki ule ule. Koili ya umeme inayopasha chuma bila moto ndiyo chombo bora kwa kazi hii, kwa sababu hufanya nati iwe nyekundu kwa muda mfupi na haichomi kilicho jirani.

Nati ikishapata wekundu hafifu, ondoa moto na uiache ipoe hadi wekundu upotee. Kupoa nako ni sehemu ya dawa, kwa kuwa kutanuka na kusinyaa ndiko kunakovunja kutu, na mizunguko miwili au mitatu hufaa kuliko mmoja mrefu. Ikiwa bado ya moto lakini haiwaki, gusisha kipande cha mshumaa kwenye thredi. Nta huyeyuka na kujivuta ndani. Itatoa moshi, na kwenye chuma cha moto mno inaweza kushika moto, kwa hiyo kizima moto kiwe karibu na nati iwe imeshapoteza rangi yake.

Kuna mahali ambapo moto hauruhusiwi. Mpira wa bushi na kifuniko cha bolijointi huungua ndani ya sekunde chache. Hilo linavumilika kama kipande kinatupwa, si vinginevyo. Mipira ya breki, mabomba ya mafuta na nyaya za vihisi vya ABS vihamishwe au vikingwe kwa bamba la chuma. Shokapu yenye gesi isipashwe moto kabisa, maana ni mtungi uliofungwa wenye shinikizo. Springi isiguswe na moto, kwa kuwa hupoteza ugumu wake na inaweza kukatika baadaye ikiwa kazini. Mikono ya alumini hupoteza nguvu kwenye joto la chini sana kulinganisha na chuma, bila kubadilika rangi wala kuonya. Na kama eneo limepuliziwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini, usiwashe moto kabla halijakauka kabisa na kupata hewa: mvuke wake ukichomwa unaweza kutoa fosijini, gesi ya sumu.

Bolti ya 10.9 imepata ugumu wake kwa kupashwa na kupozwa kwa kipimo. Ikiwekwa kwenye wekundu, ugumu huo umekwenda. Nati na bolti zilizochomwa hutupwa, hata zikionekana nzima.

Alumini ina faida moja. Bolti ya chuma iliyoganda ndani ya kipande cha alumini hushikwa na unga mweupe unaotokana na metali mbili tofauti kukutana penye unyevu wenye chumvi. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo mashine ya hewa moto inayofikisha digrii 120 hadi 150 mara nyingi hutosha kulegeza, bila moto wowote.

Shina linapozunguka na nati

Hii ni kero ya linki za stabilaiza na bolijointi. Nati inalegea kidogo, kisha shina zima linaanza kuzunguka ndani ya kikombe chake, na unaweza kuzungusha hadi kesho.

Kwenye linki, shina huwa na tundu la alenki (la pembe sita) nchani, mara nyingi la milimita 5 au 6, au la umbo la nyota. Tundu hilo hujaa kutu. Lichokonoe kwa msumari hadi chini, gongea ufunguo uingie wote, kisha zuia shina kwa ufunguo na ugeuze nati kwa spana ya duara. Kitendo kigumu kifanywe na spana ya nati. Alenki izuie tu. Tundu likiharibika, kata kifuniko cha mpira na ushike shina nyuma ya bano kwa koleo la kujifunga. Kama linki inabadilishwa, na nati imegoma mara mbili, kata shina kwa grainda. Linki ni kipande kidogo, na saa mbili za kulibembeleza shina hazina maana.

Bolijointi ni tofauti, kwa sababu shina lake hukaa kwenye tundu la koni na koni ndiyo inayolizuia lisizunguke. Kosa la kawaida ni kupiga koni iachie kabla ya kufungua nati. Koni ikiachia, kilichokuwa kinalizuia shina kimeondoka, na nati ya nailoni ina msuguano wa kutosha kulizungusha. Fungua nati kwanza, koni ikiwa bado imeshika, hadi ibaki kwenye thredi chache tu. Ndipo uachanishe koni, kwa kifaa cha kusukuma au kwa kupiga ubavu wa jicho la chuma linaloshika shina. Nati inayobaki hapo huzuia mkono usianguke ghafla. Mapigo haya ya nyundo ni kwa jicho la chuma tu; la alumini hupasuka, litumie kifaa cha kusukuma.

Kama koni imeshaachia na shina linazunguka, weka jeki chini ya bolijointi na uinue hadi koni ijibane tena. Uzito wa gari mara nyingi hutosha. Ukishindwa, kata nati.

Nati ya katikati juu ya shokapu inayobeba springi ni habari nyingine. Nati hiyo ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa. Isifunguliwe kabla springi haijabanwa kwa vifaa vyake hadi iachie viti vyake viwili. Springi ikiruka huua. Na fito inayong'aa ya shokapu isishikwe kwa koleo kama shokapu itarudi kazini, kwa sababu mkwaruzo mmoja hukata sili na oili hutoka.

Nati imetoka, bolti imebaki

Hapa ndipo siku nzima hupotea. Nati ya bolti ndefu ya mkono wa chini, au ya chini ya shokapu, inatoka bila ubishi, na bolti haitoki. Ndani ya bushi kuna bomba la chuma linalopitiwa na bolti. Maji huingia humo na hayana pa kutokea, kutu huota kwenye urefu wa milimita 50 au 70, eneo kubwa mara nyingi kuliko la nati, na bolti na bomba huwa kitu kimoja.

Dalili yake ni ya pekee: unageuza kichwa cha bolti, kinakwenda kidogo, ukiachia kinarudi. Unachosokota ni mpira wa bushi. Impakti itakuonyesha bolti ikichezacheza, na utadhani inakaribia kutoka.

Jaribu kwa kiasi. Rudisha nati hadi iwe sawa na ncha ya bolti ili kulinda thredi, loanisha ncha zote mbili kwa mafuta, na upige nati kwa nyundo nzito huku mtu mwingine akizungusha kichwa mbele na nyuma. Nyundo ya upepo hufaulu mara nyingi mahali ambapo ya mkono imeshindwa. Bolti ikisogea hata milimita mbili kwa ndani, endelea. Isiposogea kabisa baada ya jaribio la dhati, ikate.

Hukatwa mahali pawili, kwenye mwanya kati ya bushi na kila upande wa bano. Msumeno wa umeme wa kwenda na kurudi wenye blade ya kukatia metali huingia penye nafasi finyu ambapo grainda haifiki. Bolti ya 10.9 ni ngumu, kwa hiyo mwendo uwe wa polepole na mafuta yadondoke kwenye blade. Mwendo wa kasi huua meno kwa dakika moja. Tegemeza mkono kwa jeki kabla ya mkato wa pili. Bushi, bolti na nati mpya ziwe zimeshanunuliwa kabla hujaanza kukata, la sivyo gari litabaki juu ya stendi.

Baadhi ya bolti hizi zina duara ambalo tundu lake haliko katikati, la kurekebishia pembe za magurudumu. Weka alama ya mahali duara lilipo kwenye bano kabla ya kulegeza chochote. Alama hiyo itakuwezesha kuendesha gari hadi mahali pa kupimia pembe, na pembe lazima zipimwe baadaye.

Pembe zimelika, au nati imezama ndani ya fremu

Nati iliyopoteza pembe hushikwa kwa soketi ndogo kidogo iliyogongewa juu yake: ya milimita 18 juu ya nati ya 19, kwa mfano, au ya inchi 11/16, ambayo ni milimita 17.46, juu ya nati ya 18. Soketi zenye mikunjo ya kujichimba ndani ya nati ni bora zaidi. Njia yenye nguvu kuliko zote ni kuchomelea nati kubwa juu ya ile iliyoharibika, kwa kuwa huipa pembe mpya na joto kwa pamoja. Tenganisha betri, na ubane waya wa ardhi wa mashine karibu kabisa na mahali pa kuchomelea, ili umeme usipite kwenye bearingi ya gurudumu na kuichoma.

Kukata nati bila kuharibu bolti kunawezekana. Kwa diski ya milimita 1, kata ubavu wa nati sambamba na bolti, ukiishia kabla tu ya kufika kwenye thredi. Ingiza tindo kwenye mkato na upige. Nati hufunguka na kupoteza nguvu ya kubana yote mara moja.

Nati iliyochomelewa ndani ya fremu inahitaji subira zaidi kuliko zote, maana ikiachia nukta zake za kuchomelewa itazunguka gizani. Pulizia mafuta kupitia matundu ya fremu yaliyo juu yake, pasha fremu kwa nje mahali nati ilipo, na utumie impakti kwa nguvu ndogo, mbele na nyuma. Ikishang'oka, toboa dirisha dogo kwenye fremu mahali pasipobeba mzigo mkubwa, ishike kwa spana, na ulizibe vizuri baadaye.

Bolti ikikatika ndani, tia alama katikati kabisa kwa panchi (chuma chenye ncha), toboa kwa keekee ya milimita 3 au 4 ya kobalti, kisha panua. Keekee ya mkono wa kushoto, inayokata ikizunguka kinyume na mshale wa saa, mara nyingi huitoa bolti yenyewe wakati wa kutoboa. Kifaa cha kung'olea chenye umbo la koni kitumike kwa tahadhari, kwa sababu chuma chake ni kigumu sana, na kikivunjika humo ndani hakitoboleki kwa keekee ya kawaida. Ukilazimika kukata thredi upya, tundu la M10 yenye hatua (umbali kati ya thredi) ya milimita 1.25 ni milimita 8.8, na la M12 yenye hatua hiyo hiyo ni 10.8.

Kufunga

Nati za nailoni hazirudishwi, na zile za chuma zilizobonyezwa ili zijifunge zenyewe pia huwekwa mpya. Paka grisi ya shaba, tabaka jembamba, kwenye mwili wa bolti unaopita ndani ya bomba la bushi. Hapo ndipo inapohitajika. Koni ya bolijointi ibaki kavu na safi. Thredi zenyewe zifuate maelekezo ya mtengenezaji, kwa sababu torki iliyoandikwa kwa thredi kavu, ikitumika kwenye thredi yenye grisi, huvuta bolti kupita kiasi ingawa kipimo kwenye spana ni kile kile.

Bolti zinazopita kwenye bushi za mpira zikazwe kwa torki yake ya mwisho gari likiwa limekalia magurudumu, au mkono ukiwa umeinuliwa kwa jeki hadi kimo chake cha kawaida. Zikikazwa gurudumu likiwa linaning'inia, bomba la ndani hubanwa katika pembe isiyo yake, mpira huishi ukiwa umesokotwa, na bushi mpya huchanika mapema. Mwishoni, paka nta ya kuzuia kutu kwenye thredi zote zilizochomoza nje ya nati, baada ya kukaza.